Tita la Kuni Mlangoni mwa Jirani: Historia ya Sadaka Ndogo katika Pwani ya Magara na Rumonge

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Jumuiya yo yote ya Waislamu inapokumbuka siku zake zilizopita, huanza kwa kuwataja wale walioacha alama inayoonekana kwa macho: aliyetoa kiwanja cha msikiti, aliyechimba kisima, aliyefungua chuo akawafundisha watoto Kurani, aliyeleta mabati na saruji. Ni haki watajwe, na Mola awalipe. Lakini iko sadaka nyingine iliyoishikilia jumuiya katika siku za dhiki, nayo haikuacha jiwe wala maandishi, kwa kuwa iliteketea usiku ule ule ilipotolewa, na asubuhi yakabaki majivu. Sadaka hiyo ni tita la kuni lililowekwa mlangoni mwa jirani aliyeishiwa. Makala haya yaieleza historia yake katika pwani ya Magara na Rumonge, ili nayo ipate mahali pake katika kumbukumbu.

NCHI YA MLIMA NA ZIWA

Magara iko katika ukanda wa Imbo, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, kando ya njia kuu itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika tarafa ya Bugarama, mkoa wa Bujumbura Vijijini. Mwaka 2015 tarafa hiyo ikatiwa katika mkoa mpya wa Rumonge, na mwaka 2025 mikoa yote ya Burundi ikapangwa upya ikawa mitano. Mipaka ya serikali imebadilika, ila nchi yenyewe ni ile ile: upande mmoja maji, upande wa pili milima, na katikati kipande chembamba cha ardhi ambamo watu wamejenga nyumba zao, wakalima mihogo, migomba na michikichi, na kuanika dagaa.

Huenda msomaji akauliza: kuni za kuota moto zina haja gani katika nchi yenye joto kama Imbo? Jibu lake wanalijua waliolala huko. Uso wa ziwa uko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mugamba iliyo nyuma yake hupita mita 2,000. Mtu ashukaye kutoka huko juu alfajiri hushuka na baridi mwilini. Wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, upepo wa kusini huvuma juu ya ziwa kwa nguvu, na mvuvi aliyelowa usiku kucha hurudi pwani akitetemeka. Wakati wa mvua paa lililotoboka hulowesha mkeka na nguo. Na juu ya yote hayo iko homa ya malaria, ambayo katika Imbo haikukosekana kamwe. Na mgonjwa wa homa hutetemeka chini ya blanketi hata jua likiwa utosini. Mzee, mzazi, mgonjwa na mgeni, hao wanne ndio wanaojua thamani ya moto kuliko watu wote.

Tena kuni si za kuota tu. Chakula cha nchi hii ni mihogo na maharagwe. Mihogo michungu huwa na sumu mpaka irowekwe, ikaushwe na kupikwa. Na maharagwe makavu hudai moto wa saa nyingi kabla hayajalainika. Basi mwenye maharagwe ndani ya nyumba, asiye na kuni za kuyapikia, hana tofauti kubwa na yule asiye na maharagwe kabisa. Njaa ya namna hii haionekani kwa jirani, kwa sababu kibaba kimejaa. Kinachoonekana ni paa lisilotoa moshi jioni. Ndiyo maana mzee mwenye busara hutazama moshi wa majirani zake kabla hajakaa kula.

WAISLAMU WA PWANI

Uislamu ulifika pwani hii katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka mwambao wa bahari kupitia Tabora hadi Ujiji, kisha ikavuka maji kwa mitumbwi na majahazi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Na mwezi wa Aprili mwaka huo huo wakapanda na mitumbwi kufuata pwani ya Urundi mpaka Uvira. Mwezi wa Novemba 1871 Stanley na Livingstone walipita njia hiyo hiyo wakitafuta mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, na Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, aliandika jina la Magala miongoni mwa vituo vya safari. Safari ya mtumbwi siku hizo ilikuwa ya kwenda mchana na kulala pwani usiku, na kazi ya kwanza ya mabaharia waliposhuka ilikuwa kuokota kuni.

Baadaye Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alipata nguvu Ujiji katika miaka ya 1880, akaweka kituo Rumonge na kujaribu kupenya bara ya Urundi. Mwami Mwezi Gisabo alimpinga, wala hakufaulu kuitawala milima. Haifai kuficha ukweli: misafara ile haikuleta dini, nguo na lugha ya Kiswahili peke yake, bali ilichukua pembe na ilichukua watu pia. Wamo katika mababu wa Waislamu wa pwani hii waliokuja kwa hiari na waliokuja kwa minyororo, na wote wawili walijikuta ugenini.

Wadachi walipoweka boma Usumbura mwaka 1897, na Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, tayari palikuwa na watu waliosema Kiswahili na kuswali katika Rumonge, Nyanza-Lac na Usumbura. Walikuwamo Wamanyema, Wabwari kutoka ng'ambo ya Kongo, Waswahili wa Ujiji, na Warundi waliosilimu. Watu hawa walikuwa wavuvi, wachuuzi, mafundi na wapagazi. Wengi hawakuwa na ukoo mlimani, wala hawakuwa na shamba la urithi lenye miti. Mtu asiye na ukoo wala miti hutegemea nini siku anapougua? Hutegemea jirani. Kwa hiyo ujirani katika pwani hii haukuwa pambo la tabia, ulikuwa msingi wa maisha; na msingi huo ulianzia jikoni.

KIJINGA CHA MOTO

Kabla ya viberiti kuenea, moto ulikuwa haulali. Mama wa nyumba aliufukia katika majivu usiku, akaufukua alfajiri. Ukimzimikia, alikwenda kwa jirani na kigae au majani makavu, akapewa kaa moja au kijinga kimoja, akarudi nacho mbio akikipulizia. Warundi huita kitendo hicho kurahura, na kuni huziita inkwi. Hakuna aliyetoza cho chote kwa ajili ya moto, kwa kuwa moto hugawanywa usipungue. Aliyekataa kumpa mwenziwe moto alihesabiwa kuwa amevunja ujirani.

Kuni ni jambo jingine, maana kuni hupungua zikitolewa. Aliyetoa kuni alitoa nguvu za mgongo wake na muda wa siku yake. Hata hivyo zilikuwapo nyakati ambazo kuni zilitolewa kama wajibu. Mwanamke alipojifungua, majirani walileta kuni za kumchemshia maji ya kumkanda na za kumpikia uji, kwa kuwa katika siku arubaini haimpasi kwenda kuzitafuta. Palipotokea msiba, wanaume walilala nje ya nyumba ya matanga wakizunguka moto, na kila ajaye alikuja na gogo lake begani, ili mfiwa asiongezewe mzigo juu ya mzigo. Palipokuwa na arusi, vijana walikwenda kuni siku mbili au tatu mbele. Na katika mwezi wa Ramadhani nyumba yenye kuni haikusahau nyumba isiyo nazo wakati wa daku.

Wavuvi nao walikuwa na sababu yao. Zamani dagaa walivuliwa usiku usio na mbalamwezi, moto wa kuni ukiwaka kichwani mwa mtumbwi ili kuwavuta samaki, na wavuvi wakiwachota kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Kuni zilikuwa chambo. Mwenye mtumbwi na wavu, lakini hana kuni kavu, alibaki pwani akiwatazama wenziwe wakiwaka mbali majini kama nyota. Basi rafiki aliyempa kuni mvuvi maskini hakumpa moto tu. Alimpa kitoweo na fedha ya kesho. Katika miaka ya 1950 taa za karabai zilishika nafasi ya moto huo, na mwaka 1957 ukaingia uvuvi wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu mkubwa wa kuinua. Tangu hapo mafuta ya taa yakawa ndiyo kuni za ziwani, nayo hayaokotwi mlimani bali hununuliwa.

MAFUNDISHO YA DINI

Mila hii njema haikupingana na dini, bali dini iliitia nguvu. Katika Sura ya 56, Al-Waqia, Mwenyezi Mungu anawaelekeza wanadamu wautazame moto wanaouwasha, na kuwauliza ni nani aliyeuumba mti wake. Kisha anaeleza kuwa ameufanya moto kuwa ukumbusho na kitu cha kuwafaa wasafiri. Katika Sura ya 28, Al-Qasas, Nabii Musa (A.S.) akiwa safarini na ahali zake aliona moto upande wa mlima, akawaambia wangojee huenda akawaletea kinga wapate kuota. Yapasa kuzingatiwa: Mtume huyo mtukufu alitoka kwenda kuwatafutia watu wake moto, na katika kwenda huko ndiko aliposemeshwa na Mola wake.

Sura ya 107, Al-Maun, ni fupi, na kila mtoto wa chuo huihifadhi. Ndani yake wanatajwa pamoja yule amsukumaye yatima, yule asiyehimiza kumlisha maskini, na wale waswalio kwa kujionyesha huku wakizuia vyombo vidogo vya msaada. Imepokewa kutoka kwa Ibn Masud (R.A.) kwamba vyombo hivyo ni kama shoka, chungu na ndoo. Shoka limetajwa! Basi mwenye shoka kali asiyemwazima jirani akachanje kuni zake, na ajitafakari anaposimama katika safu.

Imepokewa pia katika hadithi ya Abu Daud na Ibn Majah kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na katika hadithi nyingine ya Ibn Majah, ambayo wanavyuoni wameieleza kuwa sanadi yake ni dhaifu lakini maana yake inapendeza, atoaye moto hulinganishwa na aliyetoa sadaka kila kilichopikwa kwa moto huo. Wala dini haikumwacha mhitaji akae akingoja. Hadithi ya Bukhari yafundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaleta tita la kuni mgongoni na kuliuza, ni heri kwake kuliko kuombaomba. Kwa hiyo tita la kuni lina heshima pande zote mbili: ni kazi halali ya mwenye nguvu, na ni sadaka kwa asiye nazo.

Na jirani ni nani? Hadithi mashuhuri yasimulia jinsi Jibrili (A.S.) alivyomhusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, hata akadhani atamfanya kuwa mrithi. Na Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Basi katika Magara, ambako Mwislamu amepakana na Mkatoliki na Mprotestanti, na ambako watu wa makabila yote wamechanganyika, tita la kuni haliulizi kabila wala dini. Linauliza jambo moja: moto unawaka, au umezimika?

Hata hivyo iko ishara ya kutisha katika Sura ya 111, ambapo mke wa Abu Lahabi anatajwa kuwa mchukuzi wa kuni. Baadhi ya wafasiri wamesema alikuwa akibeba miiba na kuitupa katika njia ya Mtume. Mzigo ni ule ule, mgongo ni ule ule, lakini mmoja hupeleka kuni ili mtu apate joto, na mwingine hupeleka ili mtu aumie. Burundi imewaona wachukuzi wa namna zote mbili.

MIAKA YA DHIKI

Njaa ya mwaka 1943 na 1944 iliipiga Ruanda-Urundi yote kwa ukali. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zile zilizofuata zilipandisha ziwa, hata mwaka 1964 likafikia kimo ambacho hakikuonekana kwa miaka mingi. Nyumba za pwani zikaingiwa na maji, na kuni zote zilizokuwa chini ya dari zikalowa. Hayo yalikuwa majaribu ya mbingu na ziwa. Yaliyofuata yalitoka kwa wanadamu.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na sehemu nyingine, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchini kote, ambayo makadirio yake ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Watu wa Imbo walikimbia kwa mitumbwi na kwa miguu kwenda Kigoma, wakapelekwa baadaye katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporejea baada ya miaka thelathini na zaidi, wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliwaahidi haki yao, lakini shamba moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili bila mgogoro. Wako waliogombana mpaka mahakamani, na wako waliokubali kuligawa shamba nusu kwa nusu, wakawa majirani. Mtu aliyerudi namna hiyo hakuwa na mti hata mmoja aliopanda mwenyewe. Kuni za siku zake za kwanza zilikatwa katika miti ya yule yule aliyekuwa akidaiana naye ardhi, au hazikupatikana. Hapo ndipo tita la kuni lilipokuwa na uzito kuliko hati yo yote.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilileta dhiki ya namna nyingine. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vilivyodumu mpaka Januari 1999. Mafuta yakawa adimu, na aliyekuwa akiwasha stovu akarudi kwenye mafiga matatu. Mwezi wa Septemba 1999 serikali iliwaondoa watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Vijijini katika makao yao na kuwakusanya kambini. Nelson Mandela, aliyechukua kazi ya upatanishi baada ya kufa kwa Mwalimu Nyerere, alizilaani kambi hizo, na mwaka 2000 zikafungwa. Katika kambi za namna hiyo, mtu aliyekuwa na msitu wake nyuma ya nyumba akawa haruhusiwi kuufikia ila kwa saa za askari.

Mwaka 2015 watu walikimbia tena. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilicho kati ya mlima na ziwa, ambapo kipindupindu kiliwaingia. Na meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Kutoka huko walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na baadaye Nduta na Mtendeli. Katika kambi hizo kuni zilikuwa chanzo cha hofu, kwa sababu wanawake na wasichana waliotoka nje ya kambi kuziokota walishambuliwa na kudhalilishwa njiani. Hapa maana ya sadaka hii yazidi kudhihiri. Mwanamume aliyemletea mjane kuni kambini hakumpunguzia kazi tu, alimlindia heshima yake na usalama wa binti yake.

Ziwa halitenganishi tu, huunganisha pia. Mwezi wa Januari 2018 maelfu ya Wakongo walivuka kwa mitumbwi kutoka Fizi wakashukia Rumonge na Nyanza-Lac. Mwaka 2025 makumi ya maelfu wengine waliingia Burundi wakikimbia vita vya Kivu ya Kusini. Warundi waliokuwa wageni Kigoma wakawa wenyeji. Na tangu mwaka 2020 hivi ziwa limepanda tena, likazifukuza jamaa nyingi za pwani katika nyumba zao. Mwezi wa Aprili 2024 hata bandari ya Rumonge iliingiwa na maji.

Ukiyatazama majaribu hayo yote utaona jambo moja. Mtu akimbiaye huchukua mtoto, huchukua kitambaa, huchukua chungu akiweza. Lakini hakuna akimbiaye na kuni. Po pote afikapo, usiku wake wa kwanza uko mikononi mwa mtu mwingine.

ADABU YA MTOAJI NA YA MPOKEAJI

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakasema tena, kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini kutoa kuna adabu zake.

Kwanza, kuni za sadaka ziwe kavu na zilizochanjwa. Kuni mbichi hutoa moshi, humliza mpokeaji macho, na kumkumbusha kuwa amepewa kilichobaki. Pili, zipelekwe kwa siri kadiri iwezekanavyo, kabla ya alfajiri au baada ya Isha, kwa mkono wa mtoto asiyeuliza maswali. Kwa maana Sura ya 2, Al-Baqara, imesifu sadaka ya siri, na ikaonya kwamba masimango huibatilisha sadaka. Tatu, mtoaji asizitaje kuni hizo tena. Nne, ziwe za halali. Aliyekata mti wa shamba la mwenziwe, au wa msitu uliohifadhiwa, akampelekea maskini, hakutoa sadaka. Ameiba, kisha amemshirikisha maskini katika wizi.

Kwa mzee asiye na nguvu, kumchanjia kuni alizo nazo ni sadaka sawa na kumletea nyingine. Na kuketi naye kidogo motoni ni sadaka ya pili, maana upweke nao ni baridi.

Mpokeaji naye ana adabu yake. Asiufanye moto kuwa mkubwa kwa fahari, aufukie usiku ili udumu, na jirani wa tatu ajapo kuomba kijinga asimnyime. Hivyo ndivyo tita moja lilivyopata kupasha joto nyumba tatu.

MSITU UNAPOPUNGUA

Sadaka hii sasa ina adui mpya. Katika Burundi zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa, na nchi ni ndogo na watu ni wengi. Misitu ya asili iliyobaki karibu na pwani ni vipande tu: miyombo ya Rumonge, msitu wa Kigwena, na Vyanda ambako sokwe wangali wakiishi. Misitu hiyo iliwekwa chini ya hifadhi kwa amri ya serikali. Na si majiko ya nyumbani tu yanayokula kuni; mawese ya Rumonge huchemshwa kwa moto wa muda mrefu, na mitambo midogo ya mawese huhitaji kuni nyingi kila siku.

Mlima ulionyolewa miti hauzuii maji. Mwaka 2015, huko Gitaza, kaskazini ya Magara, mlima uliporomoka, ukaua watu na kuikata njia kuu ya Rumonge. Kuni zilizokatwa bila miti mingine kupandwa hurudi bondeni zikiwa matope. Basi anayemsaidia rafiki yake leo kwa mti wa mwisho wa mlimani amempasha joto usiku mmoja na kumtia hatarini msimu mzima wa mvua.

Dawa yake haiko mbali. Makumbi na makapi ya michikichi huwaka vizuri yakikaushwa. Jiko la udongo linaloubana moto hupikia kwa kuni chache kuliko mafiga yaliyo wazi. Grevilea na mikalitusi ya mpakani mwa shamba hutoa matawi ya kuni bila mti kufa. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Mwislamu apandaye mti, akala ndani yake ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka, tena kwamba hata Kiama kikisimama na mtu ana mche mkononi, na aupande akiweza. Babu alipeleka tita mlangoni mwa jirani. Mjukuu na apeleke tita hilo pamoja na mche.

KHITIMU

Historia ya Waislamu wa Magara na Rumonge imo katika misikiti yao na vyuo vyao, na kitabu hiki kimeitaja. Lakini misikiti hujengwa na watu waliookoka, na watu huokoka kwa sababu usiku fulani wa mvua, wa homa, wa msiba au wa kukimbia, jirani aliona paa halitoi moshi, akanyanyuka. Majina ya majirani hao hayamo katika daftari lo lote la jumuiya. Kuni zao zimekwisha kuwa majivu, na majivu yamekwisha kutiwa katika migomba. Mwenyezi Mungu, asiyepotelewa na uzito wa chembe, anayo hesabu yao tita kwa tita.

Tunamwomba Mola awarehemu waliotangulia katika wao, awape joto la rehema zake makaburini, awaepushe waja wake na moto wa Jahannamu kwa sababu ya moto waliowawashia wenziwao, na ajaalie pasiwe na nyumba katika pwani hii ambayo jioni yake itapita bila moshi na bila jirani wa kuuliza. Amin.